Maji ya Tumboni mwa Mwezi

Msomaji mmoja ameuliza: ikiwa mawe ya Apollo yalionekana makavu kabisa, haya maji ya Mwezini yanayotajwa siku hizi yametoka wapi? Barafu ya kwenye ncha tuiache, imeshaandikwa mno. Kuna maji mengine, ya tumboni, na shahidi wake ni shanga za kioo ambazo nyingi hazifiki hata nusu milimita.

Za kijani zililetwa na Apollo 15 mwaka 1971. Za rangi ya chungwa aliziona mwanaanga Harrison Schmitt wa Apollo 17, Desemba 1972, kwenye shimo la Shorty. Zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita gesi ilirusha magma juu kwa nguvu, na matone yake yakageuka kioo.

Mwaka 2008 mtafiti Alberto Saal na wenzake walipima ushanga mmoja wa kijani toka kiini hadi ukingo. Katikati maji yalikuwa sehemu 30 kwa milioni, ukingoni, 14. Klorini, fluorini na salfa, ambavyo kama maji ni vivukizi (vitu vinavyogeuka gesi upesi kwenye joto), navyo vilipungua kuelekea nje. Hapo ndipo penye utamu. Maji yangekuwa yameingia baadaye, kwa upepo wa Jua au uchafu wa maabara, ukingo ndio ungelowa zaidi.

Fikiria muhogo ulioepuliwa makaani. Nje umekauka, moyoni bado unafuka mvuke. Mchomaji mzoefu akiupasua na kuona ukavu umezama hadi wapi, atakwambia umekaa motoni kiasi gani, na kama ulikuwa na maji mengi tangu shambani. Ushanga nao ulikaa motoni dakika chache tu: maji ya karibu na ngozi yakatoroka, ya katikati yakawa bado njiani kioo kilipoganda. Saal akapiga hesabu kinyumenyume. Magma ilianza na sehemu kama 745. Kwa uchache, 260.

Mwaka 2011 mtafiti Erik Hauri na wenzake walikwepa hesabu hiyo. Ndani ya fuwele za olivini za udongo wenye zile shanga za rangi ya chungwa walikuta vitone vya magma vilivyonaswa kabla ya mlipuko, visipate pa kuvujia. Vilikuwa na sehemu 615 hadi 1,410 za maji, kiwango cha magma inayotoka chini ya bahari zetu. Wanaosema Mwezi ulizaliwa kwa mgongano uliovukiza kila kitu wana kazi ya kueleza maji haya yalibakije.