Tumbo limepunguzwa, hamu hurudi

Leo naomba tuzungumze juu ya keki.

Si keki yoyote. Ni ile ya sherehe ya kumuaga binti, ambayo MC akishaikatisha, binti anaanza kuwalisha wazazi, mashangazi na wajomba mmoja mmoja, ukumbi mzima ukipiga makofi na vigelegele. Umewahi kumwona shangazi akikataa kipande kile? Mimi sijawahi. Kukikataa ni kama kumkataa binti mwenyewe, tena mbele ya wakwe.

Jumamosi moja mwaka jana, katika ukumbi mmoja Kinondoni, dada wa usharika wetu anayeishi Mbagala Rangi Tatu aliitwa mbele kwa sababu yeye ndiye shangazi. Binti akamlisha. MC akachangamka, akasema shangazi huyu amelea, apewe cha pili, na soda ya kusukumia. Hazikupita dakika ishirini jasho likaanza kumtoka, moyo ukaenda mbio, tumbo likamsokota. Akakimbilia msalani, akatoka ameshika ukuta. Kina mama wakamzunguka. Mmoja akasema ni presha. Wa pili akanong'ona kwamba kuna mtu amemwekea kitu. Wa tatu, mwombaji hodari tunayemfahamu wote, akamwekea mkono kichwani na kuanza kukemea.

Hapakuwa na sumu wala pepo. Ilikuwa ni sukari. Miezi kumi kabla ya siku ile, dada huyu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na hakuna aliyejua isipokuwa mumewe. Ameniruhusu nisimulie habari hii bila jina lake. Aliniambia, "Andika tu, mzee. Wapo wengine wanaojificha kama mimi."

Wapo kweli. Zamani wengi waliotaka huduma hii waliifuata India. Miaka hii Hospitali ya Taifa Muhimbili, pale Mloganzila, inatoa huduma za kupunguza uzito, kuanzia puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha likaondolewa, hadi upasuaji wenyewe. Na mahubiri ya kupunguza sukari tumeyasikia sana kutoka kwa Profesa Mohamed Janabi, ambaye aliongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa, Mei 2025, kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Wapo waliomcheka kwa sababu ya ugali. Nami nilicheka kidogo, nakiri.

Sasa nikueleze kilichompata dada yetu, maana nilipoelewa mimi niliacha kumwona kama mtu aliyeshindwa kujizuia.

Upasuaji uko wa namna zaidi ya moja. Upo unaokata na kutoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, ukabaki mwembamba kama ndizi. Upo mwingine, huo aliofanyiwa yeye, ambao madaktari hutenga kimfuko kidogo cha ukubwa wa yai hivi, kisha wakakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na daktari wa Marekani, Edward Mason, akiwa na mwenzake Chikao Ito. Katika mwili wa kawaida, mfuko wa chakula una lango upande wa chini linaloachia chakula kidogo kidogo, kama mlinzi wa geti anayepitisha mtu mmoja mmoja. Aliyefanyiwa upasuaji huu, chakula chake hakipiti tena kwenye lango lile. Kipande cha keki na soda vinashuka kwa mkupuo hadi utumboni. Sukari nyingi ikifika pale ghafla huvuta maji kutoka kwenye damu, utumbo ukajaa, moyo ukaenda mbio, kizunguzungu, jasho, kuharisha. Madaktari wameipa hali hiyo jina lenye maana ya kumwaga, kama lori linavyomwaga kifusi.

Haiishii hapo. Saa moja hadi tatu baadaye yanaweza kufuata mengine. Mwili umeona sukari nyingi imeingia kwa pamoja, ukatoa insulini kupita kiasi, na sasa sukari ya damu inashuka mno. Mtu anatetemeka, anaishiwa nguvu, na, hapa ndipo penye mtego, anatamani kitu kitamu kuliko mwanzo. (Kama wewe unatumia dawa za kisukari na sukari yako ikashuka, fuata maelekezo ya daktari wako mara moja, usiseme gazeti limekataza sukari.)

Ukisikia hayo utadhani basi mtu akishaumwa mara moja hatarudia. Dada yetu alirudia. Si wote hupatwa na kichefuchefu kile kila mara. Wengine hawapatwi kabisa, hasa waliofanyiwa ule upasuaji mwingine. Isitoshe, tumbo dogo huzuia ugali na nyama, lakini halizuii soda, juisi ya miwa wala chai yenye vijiko vinne. Vya maji vinateleza tu. Mtu anaweza kushindwa kumaliza nusu sahani ya wali lakini akanywa soda tatu kwa siku, na uzito ukarudi taratibu huku akijiuliza unatoka wapi.

Na hamu? Miezi ya mwanzo hupungua, tena sana, kwa sababu upasuaji hugusa hata zile homoni za njaa. Dada huyu aliniambia kwamba miezi minne ya kwanza alipita mbele ya kalimati kama anayepita mbele ya mawe. Akadhani amepona kabisa. Mwezi wa saba, jioni moja, akiwa kituoni Rangi Tatu anasubiri daladala, harufu ya maandazi ikamjia. "Nilisimama nikalia," alisema. "Nilijiona nimetumia fedha za familia bure."

Mpendwa, fungua Hesabu sura ya 11. Wana wa Israeli wameshatoka Misri. Bahari imeshapasuliwa, Farao yuko nyuma, mana inashuka kila asubuhi. Ndipo wanalia. Wanakumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu, na wanasema samaki wale walikula bure. Bure! Wamesahau matofali na mijeledi. Ndimi zimekumbuka kitunguu, migongo imesahau kiboko. Mahali pale pakabaki na jina la Kibroth-hataava, yaani makaburi ya tamaa.

Kila niliposoma sura hiyo zamani niliwashangaa watu wale kwa kukosa shukrani. Siku hizi naisoma na kumwona dada yangu kituoni Rangi Tatu. Upasuaji ndio ile bahari. Unavukwa siku moja, kwa saa chache, na wengine ndio wanaofanya kazi, wewe umelala. Jangwa halikufanyii mtu mwingine. Unalitembea kwa miguu yako, miaka, na Misri inakufuata kwa njia ya pua. Kulia kwa sababu ya hamu si dalili kwamba hukuokolewa. Walioendelea kuwa watumwa hawakulilia vitunguu, walikuwa navyo.

Lakini sitaki tumwachie yeye peke yake mzigo huu, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Tazama anakoishi mtu huyu. Asubuhi ofisini, chai. Jumamosi jumuiya, chai na maandazi. Jumapili baada ya ibada, mnada: mkungu wa ndizi, kuku, na keki iliyookwa na kina mama, ambayo mtu huinunua kisha akaitoa igawiwe kwa washarika wote. Mgonjwa akilazwa, tunampelekea juisi. Msiba, chai ya rangi iliyokwisha kutiwa sukari jikoni. Ukimtembelea mtu Temeke au Tegeta, kabla hujaketi vizuri mtoto ameshatumwa dukani kufuata soda, na soda ikishafunguliwa hairudi. Huo ndio upendo wetu, na siudharau. Nimelelewa nao. Ila Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Soda moja ya kola ya mililita 350 peke yake ina vijiko karibu tisa. Kwa hiyo hata mwenye tumbo zima tunampenda kupita kipimo.

Na tunavyosisitiza sasa! "Onja kidogo tu." "Hutaki chai yangu, una neno na mimi?" "Umekonda hivyo, unaumwa nini?" Hili la mwisho ndilo lililomfanya dada yetu afiche. Kwetu unene ni heshima, ni dalili kwamba mume anatunza. Mtu akipungua kilo thelathini, mtaa unaanza kumpangia ugonjwa. Akisema ukweli, kanisani atakutana na anayeuliza kwa nini hakufunga na kuomba badala ya kukatwa. Sijui kwa nini swali hilo halimpati aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Nami simo nje. Wiki tatu kabla ya sherehe ile alikuja nyumbani kwangu na kamati ya kwaya. Alisema, "Mimi maji yanatosha, mzee." Nikacheka, nikamfungulia soda kwa mkono wangu, nikasema nyumbani kwangu mgeni hanywi maji. Akainywa. Nilidhani nimekuwa mkarimu.

Paulo katika Warumi 14 anazungumza na watu wenye imani imara kuhusu chakula. Wao wako huru kula, na yeye hawanyang'anyi uhuru huo. Anawaomba tu wasimwangushe kwa chakula chao ndugu ambaye Kristo alimfia, na anasema ni vema kuacha hata nyama na divai kama vinamkwaza. Tumezoea kutumia sura hiyo kwa pombe. Pombe ni rahisi, wengi wetu hatuinywi. Soda je?

Siku hizi dada yetu hutoka nyumbani ameshakula: yai, kipande cha samaki, au maharage, kwanza kabla ya wanga. Maji hunywa mbali na chakula, kidogo kidogo. Vitamini anameza kila siku kama alivyoagizwa, na kliniki haachi. Kituoni husimama upande wa pili wa barabara, mbali na jiko la maandazi, hata kama jua ni kali. Kuna siku anashindwa. Humpigia simu mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yake, na mama yule hamhubirii, anamuuliza tu yuko wapi na kama amekula chakula. Mithali 25:16 ameibandika mlangoni mwa friji, ile ya mtu aliyeona asali, ale ya kumtosha asije akaitapika. Anasema Sulemani lazima alikuwa na ndugu aliyefanyiwa upasuaji.

Mwezi uliopita aliisimamia habari yake mwenyewe mbele ya jumuiya, kwa dakika tano hivi, akaketi. Kimya kikawa kirefu. Jumamosi iliyofuata chupa ya chai ililetwa haina sukari, kibakuli cha sukari kimewekwa pembeni, na karanga za kuchemsha mahali pa maandazi. Mzee mmoja wa kanisa, mpenzi mkubwa wa chai tamu, akachota kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikafika juu ya kikombe, akamwangalia dada yetu, akakirudisha kibakulini, akaanza kukoroga.