Madini ya Mwili: Tuyatafute Katika Chakula, Siyo Katika Magadi na Udongo

Jioni inapoingia katika vijiji vya Shinyanga na Geita, akina mama wengi huwa jikoni. Mama mmoja ameweka chungu juu ya mafiga. Ndani yake mna mlenda. Kabla mboga haijaiva anachukua kipande cha magadi, anakiyeyusha katika maji, na kumimina maji hayo chunguni. Mara mboga inalainika. Rangi yake inabaki ya kijani. Watoto wanafurahi kwa sababu ugali unateremka vizuri.

Jirani yake ni mjamzito. Kiungulia kinamsumbua. Analamba magadi kidogo, anapata nafuu. Kisha anatafuna kipande cha pemba, ule udongo unaouzwa sokoni. Ameambiwa kwamba unaongeza damu.

Mama hawa wawili si wajinga. Wanatafuta kitu cha kweli. Mwili wa binadamu unahitaji madini, na mwili wa mjamzito unayahitaji zaidi. Lakini tujiulize: magadi na pemba vinatupa madini tunayoyahitaji? Na pamoja na hayo, vinatupa nini kingine?

MADINI YA MWILI NI NINI?

Ukitaja madini huko Geita, watu wanafikiri dhahabu. Ukitaja madini huko Shinyanga, wanafikiri almasi ya Mwadui. Lakini hata mwili wako una madini. Bila hayo huwezi kusimama wala kulima.

Madini ya kwanza ni kalsiamu. Haya hujenga mifupa na meno. Mwili wa mtu mzima una karibu kilo moja ya kalsiamu, na sehemu 99 kati ya 100 zimo katika mifupa na meno. Mengine ni potasiamu na magnesiamu. Haya husaidia misuli na moyo kufanya kazi. Ya nne ni sodiamu, ambayo tunaipata katika chumvi. Wataalamu huyaita madini haya manne madini ya alkali.

Yako pia madini chuma. Haya si ya alkali, lakini hatuwezi kuyaacha, kwa sababu ndiyo yanayotengeneza damu.

TINDIKALI NA ALKALI

Onja limau. Ni kali na chachu. Uchachu huo ni tindikali. Sasa shika maji ya magadi kwa vidole. Yanateleza kama sabuni. Hiyo ni alkali. Vitu hivi viwili ni kinyume. Ukikamua limau juu ya magadi utaona povu likitoka. Kila kimoja kinapunguza nguvu ya mwenzake.

Tumbo letu lina tindikali ya kusagia chakula. Tindikali hiyo ikipanda kooni, tunapata kiungulia. Magadi huipunguza kwa muda mfupi, ndiyo maana mjamzito yule alipata nafuu. Lakini nafuu ya muda si dawa, na baada ya muda mfupi kiungulia hurudi.

Siku hizi wako watu wanaouza maji na unga wakisema kwamba damu yako ina tindikali, kwa hiyo lazima uifanye iwe ya alkali. Usikubali haraka. Damu ya mtu mwenye afya tayari ina alkali kidogo. Kipimo chake ni kati ya 7.35 na 7.45. Mapafu na figo hulinda kipimo hicho usiku na mchana, kama sungusungu wanavyolinda kijiji. Ukila ndimu, damu haichachi. Ukinywa maji ya alkali, damu haibadiliki. Figo hutoa kisichotakiwa kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo usiuze kuku wako ili ununue unga wa namna hiyo.

MAGADI YANA NINI NDANI YAKE?

Wazee wa Usukuma husimulia jinsi vijana wa zamani walivyosafiri kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kufuata chumvi. Safari ilikuwa ndefu na ya hatari. Magadi nayo hutoka katika maziwa ya namna hiyo ya Bonde la Ufa, kama vile Eyasi na Natron. Maji hukauka kwa jua, magadi yanabaki.

Sehemu kubwa ya magadi ni sodiamu. Kalsiamu na madini chuma tunavyovitafuta havimo kwa kiasi cha kutufaa. Tena magadi yana hasara tatu.

Kwanza, sodiamu ikizidi hupandisha shinikizo la damu. Anayetia chumvi na magadi katika chungu kimoja anaongeza sodiamu mara mbili.

Pili, magadi huharibu vitamini za mboga. Vitamini C na vitamini B1 hupotea. Mboga inabaki ya kijani, macho yanadanganyika, kumbe sehemu ya faida yake imekwisha kupotea chunguni.

Tatu, magadi mengi yana floraidi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Floraidi nyingi huyaharibu. Mtoto akiipata nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, tangu anapozaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi, meno hayo huota yakiwa na madoa ya kahawia. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Mtu akiendelea kupata floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa yake pia huharibika, na viungo hukakamaa.

Katika mkoa wa Shinyanga hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu hata baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Mtoto anayekunywa maji ya kisima cha namna hiyo, kisha akala mboga yenye magadi, anaipata floraidi kwa njia mbili. Kumbuka pia: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Panapofika bomba la maji ya Ziwa Victoria, kama lile linalotoka Ihelele kwenda Kahama na Shinyanga, au panapokuwa na maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, tuyatumie hayo kwa kunywa na kupikia.

UDONGO WA PEMBA

Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za wajawazito wa wilaya ya Geita, katika sehemu za wachimbaji wadogo wa dhahabu. Karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wanakula udongo. Udongo huo ulipopimwa ulikutwa na aseniki, kromi na nikeli. Aseniki ni sumu. Mtu haioni, haisikii ladha yake, wala hainusi. Na anachokula mama kinaweza kumfikia mtoto aliye tumboni.

Lakini je, udongo hauna madini chuma? Unayo. Ila madini chuma ya udongo ni magumu kuingia katika damu. Tena udongo wenyewe unaweza kuyanasa madini chuma ya chakula tumboni, yakatoka nayo chooni. Udongo unaweza pia kuwa na mayai ya minyoo. Kwa hiyo mama anakula udongo ili apate damu, kumbe udongo unampunguzia damu.

Hamu ya kula udongo mara nyingi huonekana pamoja na upungufu wa damu. Kwa hiyo tusimcheke mama mwenye hamu hiyo, wala tusimgombeze. Hamu hiyo ni kama kengele. Tumpeleke kliniki apimwe damu. Huko atapewa vidonge vya madini chuma na foliki. Hivyo ndivyo vidonge vya madini ambavyo kila mjamzito anavihitaji. Avimeze kama alivyoelekezwa, hata kama choo kitakuwa cheusi. Weusi huo si ugonjwa.

Na ninyi mnaoishi karibu na machimbo, msiwaache watoto wacheze katika udongo uliosagwa na kuoshwa dhahabu. Osheni mikono na mboga kwa maji safi. Zebaki isichomwe jikoni wala karibu na nyumba. Moshi wake ni sumu.

MADINI YAKO WAPI, BASI?

Yako katika vyakula vyetu wenyewe.

Kalsiamu imo katika maziwa, mabichi yaliyochemshwa au ya mgando. Kikombe cha robo lita kina karibu miligramu 300. Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1,000 kwa siku. Imo pia katika dagaa wa Ziwa Victoria. Tuwale wazima, pamoja na mifupa yao.

Potasiamu imo katika viazi vitamu, ndizi mbivu, maharage, ubuyu na ukwaju. Magnesiamu imo katika karanga, choroko, kunde, mboga za majani, na unga wa mtama au mahindi usiokobolewa.

Madini chuma yamo katika nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Kula tunda chachu, kama limau au chungwa, pamoja na mboga. Litasaidia madini chuma kuingia katika damu. Chai inayazuia. Kwa hiyo usinywe chai wakati wa kula, ngoja saa moja au mbili.

Chumvi tutumie yenye madini joto, tena kwa kiasi kidogo.

TUPIKEJE BILA MAGADI?

Loweka maharage au makande usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka maji mapya, kisha pika huku umefunika chungu. Yataiva upesi, na kuni zitabaki. Sisi wa Shinyanga tunajua thamani ya kuni. Tangu mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 tumefanya kazi kubwa kurudisha miti na ngitili zetu.

Mboga za majani zioshe kwanza, kisha zikate, na uzipike kwa muda mfupi. Tia karanga zilizotwangwa na nyanya. Utaona zinateremka vizuri na ugali bila magadi.

Mwenye kiungulia ale chakula kidogo kidogo mara nyingi, na asilale mara tu baada ya kula. Kikizidi, aende zahanati. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize mganga kabla ya kumeza kidonge chochote cha madini.

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Tulikaa katika vikundi, tukasikiliza redio, tukasoma, tukajadiliana. Kisha tukachimba vyoo na kulima bustani. Tufanye hivyo tena. Leo usiku jaribu chungu kimoja bila magadi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji yetu ya kunywa yanatoka wapi? Yamekwisha kupimwa floraidi?
2. Watoto wangapi kijijini wana meno yenye madoa ya kahawia?
3. Kwa nini wajawazito wanakula udongo? Tuwasaidieje?
4. Ni vyakula gani vya shambani kwetu vina kalsiamu na madini chuma?