Mama au shangazi aliugua saratani ya matiti: binti afanye nini?

Mabinti wengi hapa Kasingirima huuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, mama alifariki kwa saratani ya titi. Na mimi nitaipata?"

Si lazima. Kati ya wanawake 100 wenye saratani ya matiti, takriban 5 hadi 10 ndio ambao ugonjwa wao umetokana na kurithi.

Kinachorithiwa ni nini?

Harithiwi mgonjwa wala ugonjwa, bali hitilafu kwenye vinasaba. Vinavyojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Baba naye huweza kuipitisha bila kuugua, kwa hiyo ulizia mashangazi pia, si mama na bibi tu.

Uliza nyumbani

- Nani aliugua, na ni ndugu wa upande gani?
- Ilikuwa saratani ya titi au ya ovari (vifuko vya mayai)?
- Aligundulika akiwa na umri gani? Chini ya miaka 50 ni jambo la kumweleza daktari.
- Yupo mwanamume aliyeugua saratani ya titi?

Wazee wengine waliita "jipu" au walisema karogwa. Uliza dalili alizokuwa nazo.

Saratani ya mlango wa kizazi ni tofauti: husababishwa na kirusi cha HPV. Chanjo yake hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Hatua za kuchukua

Yajue matiti yako. Ukiona uvimbe, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, nenda zahanati mapema. Usisubiri maumivu, mara nyingi uvimbe wa saratani hauumi mwanzoni. Ukihitaji vipimo zaidi utapewa rufaa, kwa mfano Hospitali ya Maweni, na ikibidi Bugando au Ocean Road.

Kama ndugu wa karibu aliugua akiwa kijana, mwambie daktari. Mara nyingi uchunguzi huanza miaka 10 kabla ya umri aliogundulika: mama wa miaka 40, binti aanze na 30. Kipimo cha vinasaba hakifanyiki zahanati, na kikipatikana ni vizuri kuanza na ndugu aliyeugua.

Kwa familia

Binti huficha uvimbe akihofia kukosa mchumba. Msimseme. Mpeni nauli, msindikizeni, na siri yake ibaki ndani. Uvimbe uliowahiwa hutibika kwa urahisi zaidi kuliko uliofichwa.