Jinsi ya kulinganisha nyuzi za gitaa bila kuzikata

MPIGA gitaa anayeishi Junda, eneo la Kisauni, Mombasa, ana maadui wawili: haraka ya mkono wake na hewa ya chumvi itokayo baharini. Hewa hiyo huzitia kutu nyuzi za chuma, na uzi wenye kutu hukatika upesi ukivutwa.

Kwanza, ahakikishe kigingi anachokizungusha ndicho cha uzi anaougonga. Wengi hukaza uzi mwingine bila kujua, wakingoja sauti ibadilike, hadi uzi huo ukatike.

Kisha uzi ulegezwe kidogo na kukazwa polepole huku ukigongwa. Uzi wa sita, ulio mnene zaidi, ukibanwa kwenye nafasi ya tano shingoni hutoa sauti sawa na ya uzi wa tano usiobanwa. Utaratibu huo hufuatwa hadi uzi wa kwanza, ila uzi wa tatu hubanwa kwenye nafasi ya nne.

Uzi wa kwanza, mwembamba kuliko zote, ndio rahisi kukatika. Uso uwekwe mbali, kwani waweza kulijeruhi jicho.

Baada ya kupiga, nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu. Haraka haraka haina baraka.