Multimeta ya bei ndogo: siri iliyo ndani, na kitu ambacho hakimo



Zamani mashini ya kupimia umeme ilikuwa kitu cha fundi wa kompani. Aliichukua asubuhi magazini, akaweka saini, na magaribi akairudisha. Leo unaikuta nyumbani, hapa Ruashi, ndani ya malupango mengi: ile ndogo ya plastiki, yenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Unapima nayo betri ya paneli ya jua. Unatafuta sababu gani inverta imekufa. SNEL wakirudisha umeme, unaangalia kwanza kama umekuja na volti 220 kweli ao na nusu yake, mbele ya kuwasha friji ya mama wa nyumba.

Na vijana wetu wenye kupenda elektroniki wamejua jambo moja: ndani ya multimeta nyingi za bei ndogo kuna kazi ambazo kiwanda kimezifunga. Si hadithi. Ni kweli, na inafaa kuieleza vizuri, kwa sababu mwenye kuieleza nusu anaweza kukuumiza.

Sikia namna inavyokuwa. Viwanda vingi vya multimeta havitengenezi akili ya mashini. Vinanunua chipu iliyo tayari. Chipu hiyo inajua kazi nyingi, lakini mwenye kiwanda anataka kuuza mashini moja kwa bei ndogo na nyingine kwa bei kubwa. Basi katika ile ya bei ndogo anaacha vifungo vingine bila kuviweka, na kazi zingine anazizima. Chukua mufano wa ANENG AN8002. Akili yake inaitwa DTM0660. Karibu nayo kuna chipu nyingine ya miguu nane, 24C02, ambayo ni kama daftari dogo la baiti 256. Kila mara unapowasha multimeta, ile akili inafungua daftari na kusoma: nijizime kisha dakika ngapi? Taa ya kioo ikae sekunde ngapi? Nitume namba zangu inje kwa waya, kwa kompyuta, ao ninyamaze?

Mwenye kubadilisha maandiko ya daftari hilo amebadilisha tabia ya mashini. Anatoa betri, anafungua, anasoma chipu ya miguu nane kwa kifaa kidogo kinachoungana na kompyuta, anabadilisha namba moja ao mbili, anarudisha. Mashini iliyokuwa bubu inaanza kutuma vipimo kwa kompyuta. Kwa kijana anayetaka kufuata namna betri yake inavyoshuka usiku kucha, ni faida kubwa, na hatumukatazi. Kufungua kitu na kuelewa namna kinavyofanya kazi ni mwanzo wa ufundi.

Lakini, ndugu, daftari lile halina tabia tu. Ndani yake mumo pia namba ambazo kiwanda kiliandika siku kilipopima mashini yako mbele ya kipimo cha kweli. Kwa namba hizo multimeta inajua kwamba 220 ni 220. Ukiziharibu, ao ukinakili daftari la multimeta ya rafiki yako ndani ya yako, mashini haitakuambia kitu. Itawaka, itaonyesha namba nzuri, na namba itakuwa ya uongo. Sasa fikiri: waya una 220, kioo kinaonyesha volti kidogo tu, nawe unapeleka vidole. Kwa hiyo, mbele ya kugusa hata baiti moja, soma daftari lote na ulinde nakala yake pahali pawili. Ukimaliza, pima vitu unavyovijua, na ulinganishe na multimeta nyingine ambayo hakuna mutu aliyeifungua.

Kuna pia wale wanaozima ule mupango wa kujizima. Ni kweli unaudhi: uko juu ya ngazi, kisha dakika 15 kioo kinakuwa cheusi. Lakini ukiuondoa, utaisahau ikiwaka siku mbili, betri itachoka, na kwa mashini nyingi betri iliyochoka inapotosha vipimo. Badilisha muda ukitaka, weka nusu saa. Usiuondoe kabisa.

Jambo linaloogopesha zaidi ni ule waya wa kompyuta. Wengi wanaulehemu moja kwa moja: kutoka chipu mupaka kompyuta, basi. Uliza swali hili: ndani ya multimeta, tundu la waya mweusi limeungana na nini? Limeungana na umeme wa ndani wa mashini yote. Mahali waya mweusi unapogusa, chipu nayo iko pale. Siku utakapoweka waya mweusi juu ya fazi, na siku hiyo itakuja kwa sababu katika soketi fazi na nyutro havina rangi, zile volti 220 zitapita ndani ya ule waya uliouongeza, zitafika kompyuta, na chuma chake, na mikono ya mutoto anayechapa masomo yake. Plastiki ya multimeta ilikuwa ukuta kati yako na umeme. Wewe umetoboa ukuta.

Watengenezaji wenye akili hawatoi namba kwa shaba, wanazitoa kwa mwanga. Angalia UNI-T UT61E: upande wa mugongo kuna taa ndogo, na waya wa kompyuta una jicho la kuisoma, na katikati ni plastiki tu. Nawe unaweza kufanya vile kwa optokapla, chipu ndogo yenye taa na jicho ndani yake, inayopatikana katika chaja nyingi za telefone zilizokufa. Kama hujui kuiweka, achana na waya wa kompyuta. Pima kwa macho, andika kwa kalamu.

Tufike sasa kwa mugodi, maana ndipo tunapotaka kufika. Tuseme umebadilisha multimeta yako vizuri. Inapendeza. Inafanya kazi ambazo ile ya kompani haifanyi. Asubuhi unaitia mufukoni na kupanda basi. Siku hiyo mota ya pampu imesimama, wenzako wanatafuta mashini ya kupimia, nawe unasema: ninayo.

Ngoja. Daftari la baiti 256 haliwezi kuandika fyuzi. Haliwezi kuongeza milimita moja kati ya shaba na shaba. Kanuni ya kimataifa IEC 61010 inagawanya mashini kwa pahali pa kazi. CAT II ni kwa vyombo vinavyochomekwa kwa soketi. CAT III ni kwa tablo ya jengo na mota zilizofungwa pahali pake. CAT IV ni kule umeme unapoingia kutoka inje. Si maneno ya kupamba. Mota kubwa ikizimwa, ao radi ikipiga laini wakati wa mvua, volti zinaruka kwa muda mufupi sana. Mashini ya CAT II 600 V inajaribiwa kwa mushindo wa volti 4000 kupitia omu 12: ni kama amperi 333. Ile ya CAT III 600 V, volti 6000 kupitia omu 2: amperi 3000. Ikishindwa, cheche inaanza ndani, hewa ya moto inapitisha umeme zaidi, na mashini inapasuka ndani ya mukono, mbele ya uso.

Fungua multimeta ya bei ndogo utazame. Mara nyingi fyuzi ni kioo, ya volti 250. Ile inayofaa kwa tablo ni ya udongo wa kuchomwa, ndani imejaa muchanga unaozima cheche. Na kwa ndugu zake DT830, tundu la amperi 10 mara nyingi halina fyuzi kabisa, imeandikwa pale kwa Kiingereza. Ukisahau waya mwekundu ndani ya tundu hilo na ukapima 380 kati ya fazi mbili, umefunga shoti kwa mikono yako. Na hata alama ya CAT III iliyochapwa juu ya plastiki ni ya mashini kama ilivyotoka kiwandani, si ya ile uliyoitoboa.

Kwa hiyo mbele ya tablo chukua mashini ya magazini. Pima kwanza pahali unapojua umeme uko. Kisha pima waya unaotaka kugusa. Kisha rudi upime tena pale pa kwanza, uone kama mashini haikufa katikati. Mara tatu, hata kama kapita anaita.

Na ile yako ya Ruashi, bandika karatasi nyuma yake: imefunguliwa, tarehe fulani, kilichobadilishwa ni hiki. Siku moja shemeji atakuja kuiazima, nawe hautakuwa nyumbani.