Injini inayokula oili: Oili nzito si dawa ya kila gari

MMILIKI wa gari lililotembea kilomita 180,000 anapofika gereji na kulalamika kwamba injini yake inakula oili, jibu analopewa mara nyingi ni moja: weka oili nzito.

Ushauri huo hutolewa kila siku katika gereji za Dar es Salaam, na una chembe ya ukweli. Hata hivyo, ukifuatwa bila kupima unaweza kuiua injini ambayo ingedumu miaka mingine kadhaa.

Suala hili linawagusa wengi kwa kuwa sehemu kubwa ya magari madogo nchini huingia kutoka Japan yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, lakini Tanzania huyaruhusu magari yaliyozeeka kwa kuyatoza ushuru wa ziada. Hivyo basi, mnunuzi hupokea injini ambayo hajui ilitunzwa vipi, na pengine hata kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zimerudishwa nyuma.

Kila injini huunguza oili kidogo. Utando mwembamba wa oili hubaki kwenye kuta za silinda ili pistoni isisagike, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na mafuta. Watengenezaji kadhaa wa magari huhesabu kiasi kinachokaribia lita moja kwa kila kilomita 1,000 kuwa ukomo wa juu unaovumilika.

Hesabu ndogo inaonyesha hatari ilipo. Injini ya 1NZ-FE, inayotumika katika Toyota IST na Probox, huchukua takriban lita 3.7 za oili. Ikiwa inakula lita moja kwa kilomita 1,000 na mwenyewe anasubiri kumwaga oili baada ya kilomita 5,000 bila kuongeza, bakuli la oili litakauka kabla ya kufika kilomita 4,000. Injini itasagika mapema zaidi, kwani pampu huanza kuvuta hewa kabla oili haijaisha.

Kwa maneno mengine, kinachoua injini nyingi za namna hii ni kuachwa zikose oili, wala si kule kula kwenyewe.

Kazi ya kwanza, basi, ni kupima. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache, kisha kijiti cha kupimia kisomwe na kilomita ziandikwe. Katika injini nyingi za magari madogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita moja. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 150 kwa siku hufikisha kilomita 1,000 ndani ya wiki moja, hivyo kwake kusubiri mwisho wa mwezi ni kuchelewa.

Kazi ya pili ni kujua oili inakokwenda. Madoa sakafuni asubuhi yanaashiria kuvuja kwenye gasketi au sili. Moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi gari linapowashwa, kisha ukapotea, aghalabu hutokana na sili za valvu zilizokakamaa. Moshi wa bluu unaoandamana na kukanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni. Moshi mweusi ni wa mafuta kupita kiasi, na mweupe mzito usiokoma huashiria maji ya rejeta kuingia ndani ya silinda. Hayo ni magonjwa mengine.

Fundi makini huanza na kitu cha bei ndogo: valvu ya kupumulia injini, ambayo mafundi huiita PCV. Ikiziba, oili husukumwa hadi kwenye njia ya hewa na kuungua, ilhali ringi ni nzima. Baada ya hapo hupima kompresheni. Silinda ikiwa na nguvu ndogo, kisha nguvu hiyo ikapanda baada ya kutiwa oili kidogo kupitia tundu la plagi, ringi au kuta za silinda zimelika.

Ndipo linapokuja suala la namba. Katika oili ya 5W-30, herufi W inamaanisha majira ya baridi. Namba inayoitangulia huonyesha jinsi oili inavyotiririka katika baridi kali. Namba ya mwisho huonyesha mnato injini ikiwa imepata moto. Katika nyuzi joto 100, oili ya 30 huwa na mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9.

Kwa injini iliyolika ambayo kitabu chake kinataja 5W-30, kupanda hatua moja hadi 5W-40 au 10W-40 kunaweza kupunguza ulaji, hasa katika joto la Pwani, mradi kitabu cha gari hakikatazi. Kuruka hadi 20W-50, au kutumia oili ya namba moja tu kama SAE 40, ni jambo jingine. Oili hizo huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na katika injini za VVT-i shinikizo la oili ndilo linaloendesha mtambo wa kurekebisha valvu kupitia njia nyembamba.

Aidha, oili ya sintetiki ya daraja lile lile kwa kawaida hupotea kidogo kwa uvukizi kuliko ya madini. Zipo pia oili za magari yaliyotembea sana, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 2000, zenye viambato vya kulainisha mpira wa sili. Hizo zaweza kupunguza uvujaji, lakini haziwezi kurudisha chuma kilicholika.

Mnunuzi atazame pia herufi za API. Kwa injini za petroli, SA hadi SH zimepitwa na wakati. SP ilianza mwaka 2020 na SQ mwaka 2025. Dizeli hutumia herufi zinazoanza na C. Kopo lenye kizibo kilichoguswa lisinunuliwe hata likiwa na bei nafuu, na makopo matupu yatobolewe yasije yakajazwa oili chafu na kurudi sokoni.

Yapo matatizo ambayo oili haiyawezi. Injini ya Toyota ya 2AZ-FE, iliyotumika katika baadhi ya Harrier, RAV4 na Alphard, ni mfano. Nchini Marekani, kampuni hiyo iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo yaliyokula takriban lita moja kwa kilomita 1,930, na tiba ikawa kubadilisha pistoni na ringi.

Kwa mwenye injini inayokula nusu lita kwa kilomita 1,000 bila moshi, kuongeza oili kila wiki ni nafuu kuliko kufungua injini. Lakini kuongeza si kumwaga: oili na chujio lazima vibadilishwe kwa wakati wake. Ulaji ukizidi kukua, plagi zikaanza kuloa oili na moshi ukaonekana barabarani, oili nzito inakuwa chokaa juu ya ufa. Ukuta bado utaanguka, na kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kitakuwa kimeharibika pia.