Klabu Iliyouzwa kwa Pauni Moja

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 27 Agosti, mwaka 2019, watu walianza kufika katika kiwanja cha mpira kiitwacho Gigg Lane, katika mji wa Bury huko Uingereza, wakiwa na fagio, ndoo na matambara. Hawakuwa wameajiriwa na mtu, wala hawakuahidiwa malipo. Walikuwa wapenzi wa klabu ya Bury, wazee kwa vijana, nao walikuwa na tumaini ya kuwa klabu yao ingepata mnunuzi siku ile ile, na kwamba kiwanja kingehitajika kwa mchezo wa Jumamosi. Basi wakafuta viti, wakafagia ngazi, wakakusanya takataka. Usiku wa siku hiyo ilitangazwa ya kuwa mnunuzi amejitoa, na kwamba Bury imeondolewa katika Ligi.

Bury si mji mkubwa. Uko kaskazini ya Manchester, mwendo wa kilomita 13 hivi, nao kwa muda mrefu uliishi kwa kusokota na kufuma pamba. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1885, ikaingia katika Ligi mwaka 1894, ikatwaa Kombe la F.A. mara mbili, mwaka 1900 na mwaka 1903. Katika fainali ile ya pili waliwashinda Derby County kwa mabao 6 kwa 0, na hakuna timu nyingine iliyopata ushindi mkubwa kama huo katika fainali ya kombe hilo mpaka Manchester City walipowafunga Watford mabao 6 kwa 0 katika mwezi wa Mei, 2019. Hivyo Bury walianza kugawana sifa yao na jirani tajiri, na miezi mitatu baadaye wakapoteza hata mahali pao katika Ligi.

Msomaji atauliza: klabu yenye umri wa miaka 134 hufaje? Haikufa kwa kukosa wapenzi, wala kwa kushindwa uwanjani. Msimu ule ule uliotangulia, yaani wa 2018-19, vijana wa Bury walicheza vizuri hata wakamaliza wa pili katika daraja lao na kupandishwa kutoka daraja la nne hadi la tatu. Tena walifanya hivyo wakati mishahara yao ilikuwa hailipwi kwa wakati. Ugonjwa wa klabu hii ulikuwa kwa wenyewe, na hapo ndipo inapotupasa kueleza maana ya neno "wenyewe".

Huko Uingereza klabu nyingi za mpira ni makampuni. Mtu akinunua hisa nyingi kuliko wengine, klabu ni yake kama vile shamba lilivyo la mwenye hati. Aweza kuuza wachezaji, aweza kukiweka kiwanja rehani, aweza kuiuza klabu kwa mtu mwingine asubuhi na kuondoka mchana. Yule mzee aliyekuja Gigg Lane tangu akibebwa mabegani na baba yake hana sauti yoyote katika mambo hayo. Yeye ana tikiti ya msimu, skafu yenye rangi nyeupe na buluu, na kumbukumbu zake.

Lakini jambo gumu zaidi ni hili. Ukiuziwa sukari yenye mchanga, kesho utakwenda duka la pili, na mwenye duka la kwanza atajirekebisha au atafunga. Mpenzi wa mpira hawezi kufanya hivyo. Mtu wa Bury hawezi kuamka siku moja akawa mtu wa Bolton kwa sababu Bolton wana hesabu safi (nao, tuseme kweli, hawakuwa nazo, siku ile ile Bolton waliponea chupuchupu). Uaminifu wake humfunga. Akiendelea kulipa kiingilio, fedha zake huingia mkononi mwa yule anayeiharibu klabu. Akigoma, wachezaji hukosa mshahara, na ataambiwa ya kuwa ni yeye aliyeiua timu. Mwenye klabu asiyefaa anaulalia uaminifu huo kama godoro.

Bwana Stewart Day aliichukua Bury mwaka 2013. Alikuwa mtu wa biashara ya majengo, na katika miaka yake klabu ilitumia zaidi ya uwezo wake ili kupata wachezaji wazuri. Deni likakua juu ya deni. Kiwanja cha Gigg Lane kikawekwa rehani. Hata nafasi za kuegesha magari penye kiwanja zikauzwa moja moja kwa watu waliotafuta faida, kama shamba la urithi linavyokatwakatwa mpaka lisifae kulimwa. Mashabiki waliona timu ikishinda na kushindwa kila Jumamosi, lakini vitabu vya hesabu hawakuvifungua wao.

Mwezi wa Desemba 2018 Bwana Day aliiuza klabu nzima kwa Bwana Steve Dale, kwa bei ya pauni moja. Hiyo ni bei isiyonunua hata jogoo mmoja katika masoko yetu. Bila shaka anayenunua kitu kwa pauni moja hununua na madeni yake, na Bwana Dale mwenyewe alisema ya kuwa aliyakuta mambo mabaya kupita alivyoelezwa. Hilo tulitie katika mizani. Lakini Ligi ilikuwa na kanuni za kumtaka mnunuzi aonyeshe fedha za kuiendeshea klabu, naye hakuwahi kuonyesha uthibitisho ulioiridhisha, na juu ya hayo uuzaji ulikwisha kupita. Mlango ulifungwa baada ya ng'ombe kutoka.

Katika siku za mwisho, Bwana Dale alihojiwa katika redio ya BBC. Akasema ya kuwa yeye si mpenzi wa mpira, na kwamba hapo awali hakujua hata kama kuna timu iitwayo Bury. Kuondoka na kutorudi tena kungekuwa jambo rahisi kwake. Maneno hayo yaliwachoma watu wa mji ule kuliko habari za madeni yote. Pengine alisema kweli tupu. Ndiyo sababu yaliuma.

Jambo moja katika historia ya kiwanja kile lastahili kukumbukwa. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United, na sehemu kubwa ya bei ilikuwa ni mkopo uliobebeshwa klabu yenyewe. Wapenzi wengi walikasirika, na baadhi yao waliamua kutolipa tena hata senti moja. Wakaunda klabu yao wenyewe, F.C. United of Manchester, iliyo mali ya wanachama. Hawakuwa na kiwanja, basi wakapanga, na kwa miaka mingi walicheza nyumbani kwao Gigg Lane. Watu wa Bury waliwaona kila mara wageni hao waliomkimbia mwenye klabu wao. Wengi hapa Kenya wanaoipenda Manchester United huona matokeo tu katika televisheni, wakashangaa kwa nini watazamaji hubeba mabango ya kuwalaumu wenye timu iliyotwaa vikombe vingi hivyo.

Na tusidhani ya kuwa kila tajiri ni mharibifu. Huko huko Lancashire, Bwana Jack Walker, mwenye viwanda vya chuma, aliitwaa Blackburn Rovers, timu ya kwao aliyoipenda tangu utoto, na mwaka 1995 wakawa mabingwa wa Uingereza. Baada yake klabu ilinunuliwa mwaka 2010 na kampuni ya Kihindi ya ufugaji wa kuku, na mwaka 2012 wakashuka daraja. Usiku waliposhuka, mtu alimwachilia kuku uwanjani akiwa amevikwa bendera ya klabu, mchezo ukasimama wakati wachezaji wakimkimbiza. Wafugaji watamhurumia yule kuku, maana yeye hakuwa na hisa.

Turudi Bury. Baada ya klabu kutolewa, mashabiki waligawanyika. Wengine walisema: ya zamani imekwisha, tuunde mpya. Wakaunda Bury A.F.C., ikaanza kucheza msimu wa 2020-21 katika daraja la kumi, kwenye kiwanja cha kupanga katika mji wa jirani wa Radcliffe. Wengine walisema: jina ni letu, kiwanja ni chetu, hatutaondoka mpaka tuvirudishe. Kila upande uliona upande wa pili umesaliti. Watu waliokaa pamoja katika ngazi zile zile miaka na miaka wakawa katika makundi mawili. Madhara haya hayaandikwi katika vitabu vya madeni, lakini ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kupona.

Mwezi wa Februari 2022 kiwanja kilinunuliwa, kwa fedha za mashabiki na wafadhili pamoja na pauni milioni 1 kutoka mfuko wa Serikali unaowasaidia wananchi kumiliki mali za pamoja. Sasa kulikuwa na timu isiyo na kiwanja, na kiwanja kisicho na timu, katika mji mmoja! Zikapigwa kura za kuunganisha vyama viwili. Katika mwezi wa Oktoba 2022 chama kimoja kilikubali kwa wingi sana, lakini cha pili kilipungukiwa kidogo tu na kiasi kilichotakiwa na katiba yake. Mwezi wa Mei 2023 walipiga kura tena, na mara hii pande zote mbili zilikubali.

Kanuni waliyoifuata ilikuwa mwanachama mmoja, kura moja. Hiyo si kanuni ngeni kwa wasomaji walio katika vyama vya kahawa au vya maziwa. Mji unaopakana na Bury upande wa mashariki ni Rochdale, na huko ndiko watu 28 walikofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, kwa sababu walichoka kuuziwa unga uliochanganywa na vitu vingine. Vyama vyetu vya ushirika vimetokana na mfano huo. Msomaji aliyewahi kuketi katika mkutano mkuu wa chama chake anajua ya kuwa ushirika una kelele zake, na wakati mwingine wizi wake. Tofauti yake na hali ya Bury ya mwaka 2018 ni kwamba mwanachama aweza kusimama na kusema, "Bwana Mwenyekiti, tuonyeshwe hesabu," na mwenyekiti hana budi kujibu.

Mpira ulirudi Gigg Lane katika msimu wa 2023-24. Ilikuwa daraja la tisa, ambako timu nyingine hutazamwa na watu mia mbili au tatu. Bury walitazamwa mara nyingi na zaidi ya watu 3,000. Mwaka 2025 walitwaa ubingwa wa daraja lao wakapanda.

Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Bunge la Uingereza lilikamilisha sheria ya kuweka msimamizi wa mpira asiye chini ya vilabu, mwenye mamlaka ya kuwachunguza wanaotaka kununua klabu kabla hawajanunua. Katika mashauri yaliyoizaa sheria hiyo, jina la Bury lilitajwa mara nyingi. Lakini sheria yenyewe inahusu madaraja matano ya juu. Bury walianza msimu wa 2025-26 katika daraja la nane.